Pikapu iliyokuwa ikiugua Kalinzi na kupona Ujiji

"Fundi, gari hili likilala Ujiji halina neno. Likilala Kalinzi, asubuhi linatetemeka kama lina homa."

Hivyo ndivyo dereva alivyoniambia siku ya kwanza, hata boneti sijafungua. Nilimsikia ila sikumtilia maanani, na uzembe ule ulinipotezea siku mbili.

Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L: silinda nne, cc 2779, kemshafti moja (mhimili unaofungua valvu) juu ya hedi, kile kichwa cha injini, na pampu ya dizeli ile ya mzunguko. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara. Akipanda mlima hupakia madumu ya mawese na dagaa wa Kibirizi. Akishuka hushusha mikungu ya ndizi na maharage mpaka soko la Mwanga, Kigoma mjini. Dereva ni mpwa wake. Kwa hiyo usiku mwingine gari hulala nyumbani kwao Ujiji, na usiku mwingine hulala juu Kalinzi, barabara ya Manyovu, kusubiri mzigo wa alfajiri.

Lilipofika kwangu lilikuwa limeshatembea gereji mbili. Filta ya dizeli ilishabadilishwa, hita plagi zote nne (za kupasha silinda joto wakati wa kuwasha) mpya, nozeli zote nne (za kupulizia dizeli ndani ya silinda) zilishatolewa zikawekwa nyingine za mtumba kutoka Dar. Fundi wa mwisho alimwambia mama achague: anunue pampu, au afanye ovahoo, yaani injini ifunguliwe na kutengenezwa upya yote. Mama hakuchagua lolote. Alifunga mkoba, akaja kwangu.

Nililiwasha mchana, injini ikiwa ya moto. Kwenye sailensi, yaani likiwaka bila kukanyagwa mafuta, lilitingishika mpaka kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu, likitoa moshi wa kijivu mwepesi wenye harufu kali ya dizeli mbichi. Ukikanyaga mafuta kidogo linanyooka. Hii ni misi, silinda moja haichomi sawasawa, nikajisemea, na hapo nikaenda moja kwa moja kwenye nati.

Kwa mwanafunzi wa gereji nieleze: kila nozeli ina bomba la chuma linalotoka kwenye pampu. Unalegeza nati ya bomba moja kwa spana 17, nusu mzunguko tu, injini ikiwa inawaka. Funika kitambaa juu ya nati na uso uweke mbali, maana dizeli ile ina msukumo wa kupenya ngozi. Silinda uliyoilegezea inakosa chakula. Kama ilikuwa inafanya kazi, injini inashuka na kutetemeka zaidi. Kama ilikuwa imelala, hakuna kinachobadilika. Namba 1 nilipolegeza, injini ikayumba. Namba 2, ikayumba. Namba 4 hivyo hivyo. Namba 3 ilishtuka kidogo sana, kama mtu anayeguswa usingizini akageuka upande wa pili.

Nozeli za mtumba, nikasema, moja ni mbovu. Nikaitoa ya namba 3 nikaiweka namba 1, ya namba 1 nikaileta namba 3, na vile visahani vya shaba chini yake nikaweka vipya. Kama ubaya uko kwenye nozeli, misi itahama nayo. Nikawasha. Misi ikabaki palepale namba 3.

Basi tatizo halikuwa kwenye nozeli. Jioni ilikuwa imeingia na mama alikuwa na mzigo wa maharage unaomsubiri juu, nikawaruhusu waende, warudi kesho yake nipime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Asubuhi simu ikalia saa moja kasoro. Mpwa wake: "Fundi, leo ndiyo limezidi. Nimepiga selfu mpaka betri inalia. Limewaka kwa shida, linaruka lote, moshi mweupe umejaa uwanja mzima, kuku wamekimbia. Baada ya dakika tano hivi likatulia."

Hapo ndipo niliposimama. Silinda moja dhaifu haifanyi hivyo. Ikiwa tatu ni nzima, injini itawaka na kutetemeka, lakini haitakataa kuwaka, na haitaruka yote kisha ikajiponya yenyewe ndani ya dakika tano. Tena mchana nililiona kwa macho yangu: likipata moto ndipo linapotetemeka. Asubuhi inakuwa kinyume, kadiri linavyokaa linawaka ndivyo linavyopata nafuu. Nilikuwa nimeshika malalamiko mawili nikiyaita moja.

Waliporudi sikugusa spana. Nilimwomba mama daftari.

Kama hujawahi kufanya kazi na wafanyabiashara wa Mwanga hutaelewa thamani ya daftari lile. Ni la kurasa mia, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, na kila siku ina mstari wake: mzigo, nauli za waliodandia, dizeli, ushuru, na upande wa kulia kabisa, kwa kalamu nyekundu, "gari". Mama hajui injini lakini anajua siku. Nilirudi nyuma kurasa baada ya kurasa huku yeye akinitafsiria vifupisho vyake. Maneno mekundu ya kwanza: "linatingishika likisimama Mwandiga." Mwandiga hufika mchana, njia panda ile wanaposimama kushusha abiria, injini ikiwa imeshapanda na kushuka. Siku kumi na moja baadaye: "filta dizeli na ufundi." Wiki moja na ushei baada ya filta: "halikuwaka Kalinzi, vijana wamesukuma." Kisha hita plagi. Kisha nozeli. Kisha kusukumwa tena, mara tatu, zote Kalinzi.

"Mama, kabla ya filta lilishawahi kugoma asubuhi?"

"Hata siku moja, mwanangu. Lilikuwa linatikisika tu."

Kwa hiyo gari lilikuja gereji na ugonjwa mmoja wa mchana, likatoka na wa pili wa asubuhi. Tangu siku ile, mafundi wote, mimi nikiwemo, tulikuwa tunatibu mchanganyiko wa yote mawili.

Nilianza na wa asubuhi, kwa sababu ndio uliokuwa unamlaza mama njiani. Swali lilikuwa lile la dereva: kwa nini Kalinzi na si Ujiji? Majibu yaliyokuwa mezani yalikuwa matatu. La kwanza ni baridi. Kule juu asubuhi unavaa sweta, Ujiji unalala na dirisha wazi; ndiyo maana fundi wa kabla yangu alibadilisha hita plagi. La pili lilitoka kwa vijana wa gereji yangu, wakicheka: mawese. Gari linabeba mawese, je, hakuna dumu lililoishia kwenye tangi? Si utani mtupu. Mawese yakipata baridi yanaganda, na dizeli yenye mawese ikilala mlimani itaziba filta asubuhi halafu injini ikipata moto mambo yanaachia. Ingefanana kabisa. Nilifungua kizibo cha chini cha filta nikamimina kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Dizeli safi, haina tone la maji, haina wekundu wowote, haina utelezi wa mafuta ya kupikia. Mawese yakaondoka kwenye orodha.

Jibu la tatu lilikuja nilipomwuliza kijana: "Ukifika Kalinzi unapaki vipi?"

Akanionyesha kwa kiganja, vidole vikitazama juu. Uwanja wao uko kwenye mteremko, anaingia kutoka barabarani chini, pua ya gari inaelekea nyumba iliyo juu. Ujiji ni tambarare, mchanga mtupu.

Nikamwambia: leo lala Kalinzi, uwanja uleule, baridi ileile, ila geuza gari, pua itazame chini. Usibadilishe kingine chochote, hata dizeli usiongeze. Hita plagi hazijui gari limeelekea wapi. Kama ni baridi, kesho litasumbua vilevile.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia. "Limewaka kwa mguso mmoja, fundi. Limetulia tuli."

Jaribio lile halikunigharimu hata shilingi, na ndilo lililofungua kazi nzima. Pampu ya injini hii hujivutia dizeli yenyewe kutoka kwenye tangi. Hakuna pampu ya umeme nyuma inayosukuma. Maana yake njia yote, kuanzia tangi, kupitia filta, mpaka mdomo wa pampu, iko kwenye mvuto. Njia ya namna hiyo ikipata tundu dogo haimwagi mafuta nje wakati injini inawaka, inanyonya hewa ndani. Na injini ikizimwa gari likiwa pua juu, pampu na filta viko juu zaidi ya tangi. Dizeli inateremka polepole kurudi nyuma, hewa inashika nafasi yake kupitia tundu lilelile. Usiku mzima unatosha. Asubuhi pampu inapata povu badala ya dizeli, silinda zote nne zinalishwa kwa kubahatisha, moshi mweupe. Baada ya dakika chache hewa imepita, gari limetulia, na kila mtu anasema ni baridi imeisha.

Kuthibitisha nilihitaji kuona ndani ya bomba. Jirani yangu wa gereji alikuwa anajengewa ukuta, nikamwomba fundi ujenzi kipande cha mpira wake wa levo, ule unaopitisha mwanga wanaojaza maji kupimia usawa. Nikauunga kati ya filta na pampu. Injini ilipowaka tuliona wenyewe: viputo vidogo vikifuatana kama shanga, na kila baada ya muda kimoja kikubwa kinapita na injini inajikwaa papo hapo. Vijana wale wawili waliacha kucheka habari za mawese. Kisha nikachukua dumu la lita tano lenye dizeli, nikaliweka juu ya madigadi, nikapeleka mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu, tangi na filta vikiachwa pembeni. Viputo vikaisha. Pampu ambayo mama aliambiwa imekufa ilikuwa inavuta dizeli bila shida yoyote.

Baadaye ilikuwa kutafuta tu. Nilifuata mpira kwa vidole kutoka filta kurudi nyuma. Pale unapoingia kwenye kichwa cha filta hapakuwa na klipu. Palikuwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa kama mara tano na kufungwa fundo, kazi ya mtu aliyevunja klipu wakati wa kubadilisha filta na hakutaka kusema. Kwa juu ulikuwa mkavu, una vumbi, hauna hata unyevu; ndiyo maana waliotazama kama panavuja wakapita. Nilipoufungua, mizunguko ya ndani ilikuwa imevimba na kulainika, inashika vidole kama ubani uliotafunwa. Raba ya tyubu haipatani na dizeli. Chini yake mpira wenyewe ulikuwa na nyufa mbili fupi, sawasawa na pale klipu ya zamani ilipobana. Nikakata ncha mbovu, lakini uliobaki haukutosha kufika, nikaweka mpira mpya wa dizeli na klipu mbili za skrubu. Nikabonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu. Mpira wa levo sikuutoa mpaka nilipoona dizeli inapita ndani yake bila kiputo hata kimoja.

Ule ulikuwa ugonjwa wa pili kwa kuzaliwa. Wa kwanza ulikuwa bado unatetemesha kioo.

Kompresheni niliipima injini ikiwa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa huo ndio wakati wa malalamiko. Unatoa hita plagi, unafunga kipimo kwenye tundu lake, unakata waya wa kuzimia dizeli kwenye pampu, unapiga selfu. Namba 1: kilo 29 kwa sentimita ya mraba. Namba 2: 28. Namba 3: 19. Namba 4: 29. Kitabu cha injini hii kinaweka mwisho wa kuvumilia kuwa kilo 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Namba 3 ilikuwa nje kwa vyote viwili. Injini ya dizeli haina cheche. Joto la kubana ndilo linalochoma. Ukipungukiwa hapo dizeli inaingia, inaungua nusu, nusu inatoka kwenye ekzosi kama ule moshi wa kijivu. Hata ukiipa nozeli mpya iliyotoka kiwandani leo, haitasaidia.

Hapa ndipo wengi wanapotamka neno ovahoo, na siwalaumu sana, kilo 19 inatisha. Lakini kipimo kile kinasema upepo unapotea, hakisemi unapotelea wapi. Nikaifikisha pistoni ya namba 3 juu kabisa kwenye mkupuo wa kubana, nikaweka gia ya nne na breki ya mkono gari lisisogee, nikafunga mpira wa kompresa ya kujazia upepo kwenye tundu la hita plagi. Kisha nikazunguka na sikio. Kizibo cha oili: kimya, kwa hiyo ringi zinashika. Rejeta: hakuna kiputo, gasketi ya hedi iko sawa. Bomba la kuingizia hewa: kimya. Nikaenda nyuma, nikachutama kwenye ekzosi. Ssssss, upepo mwembamba usiokatika, hata kiganja kinausikia. Valvu ya kutolea moshi ya namba 3 haifungi.

Tukaacha injini ipoe mpaka asubuhi, maana tapeti za injini hii, yaani nafasi kati ya kemshafti na valvu, hupimwa kwa baridi. Nikafungua kifuniko cha juu na kuchukua fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Nafasi inayotakiwa kwenye valvu za kuingiza ni milimita 0.20 hadi 0.30, na za kutolea moshi 0.40 hadi 0.50. Za kuingiza zote zilikuwa ndani ya kipimo. Za moshi: namba 1 ilikuwa 0.40, namba 2 ilikuwa 0.35, namba 4 ilikuwa 0.40. Namba 3 jani la 0.10 halikuingia kabisa. La 0.05 liliingia kwa kubembelezwa.

Fikiria basi: injini baridi, nafasi ni 0.05. Ikipata moto, shina la valvu linarefuka, nafasi inaisha, na kemshafti inaishikilia valvu wazi unywele mmoja hata pale inapotakiwa kufunga. Ndiyo maana asubuhi tatizo hili halionekani na mchana pale Mwandiga linaonekana. Kwa nini namba 3 peke yake? Ninachoweza kutoa ni dhana. Daftari lilionyesha kuwa gari liliwahi kuchemsha na hedi ikateremshwa. Valvu ikisagwa hukaa ndani zaidi na shina hupanda juu, nafasi hupungua. Aliyerudisha hedi ile huenda aliseti tapeti chache tu akaishia njiani. Sikuwepo, siwezi kuapa.

Tapeti za 3L hazina skrubu ya kuseti. Kuna shimu, kile kisahani cha chuma juu ya kikombe cha valvu, na nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha unene wake. Shimu iliyokuwepo niliipima kwa mikromita: 2.70. Hesabu yake ni nyepesi: 2.70, jumlisha 0.05 iliyopo, toa 0.45 unayoitaka, unapata 2.30. Madukani Kigoma sikuipata. Nikaenda kwa rafiki mwenye hedi ya 3L iliyopasuka, nikapima shimu zake moja baada ya nyingine kwenye kitambaa, nikapata ya 2.32, na nyingine ya kurekebishia namba 2. Wapo wanaosaga shimu kwenye jiwe kuipunguza unene. Siwaigi: juu ile imetiwa ugumu, ukiila, kemshafti italima chuma laini.

Baada ya kufunga, nafasi ya namba 3 ilisoma 0.43. Tukalipeleka gari mpaka Mwandiga na kurudi lipate moto, tukapima tena. Namba 3 ikasoma kilo 26. Haijafika 29 za wenzake, na sikumficha mama: valvu imekaa inavujisha moto kwa miezi, ukingo wake huenda umeanza kuungua. Baadhi ya mafundi wangeteremsha hedi siku ileile. Mimi nilihesabu kwamba kilo 26 ni afya ya kufanyia kazi, na fedha ya hedi mama hakuwa nayo baada ya kununua vitu asivyovihitaji. Tulikubaliana arudi baada ya kilomita 5,000 nipime tapeti ileile. Nafasi ikiwa imebaki palepale, sawa. Ikiwa imeanza kujifunga tena, kikalio cha valvu kinazama, na hapo hedi itashuka bila mjadala.

Nozeli zake za zamani alikuwa amezitunza, kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilizipeleka kwenye mashine ya kupimia: tatu zinapuliza ukungu safi, moja inadondosha. Zile za mtumba, mbili zilikuwa zinadondosha. Tukarudisha tatu zake na kuongeza moja nzuri ya mtumba, na kwenye sailensi kioo cha pembeni sasa kinaonyesha aliyesimama nyuma.

Alirudi kabla ya kilomita kutimia, kwa ajili ya breki, nikachungulia tapeti hivyohivyo: 0.43. Nikamwambia mpwa wake kwamba sasa anaweza kupaki Kalinzi vyovyote apendavyo. Akasema bado analigeuza pua chini. Nyuma ya gari inakuwa imekaribiana na ukingo wa uwanja, vijana wanaingiza mikungu ya ndizi bila kuinua mikono.